Muungo, Kifungo na Mvutano: Uhakiki wa Istilahi za Kemia Mbele ya Miamba ya Taita

Istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huhakikiwa kwa maswali matatu: je, neno ni fupi, je, latamkika, je, asili yake ni wapi? Maswali hayo ni halali, na hakuna mwanaisimu awezaye kuyapuuza. Lakini liko swali la nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote: neno likishaingia sikioni mwa mwanafunzi, je, linamwongoza kuielekea dhana au linampeleka upande mwingine? Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo juu ya kundi dogo la istilahi, yaani zile zinazotaja jinsi atomu zinavyoshikana zikawa molekuli, na zile zinazotaja jinsi molekuli zenyewe zinavyovutana pasipo kuwa kitu kimoja.

Mifano yetu mingi tumeichukua Voi na sehemu nyingine za kaunti ya Taita Taveta, na si kwa sababu ya mapenzi ya nchi peke yake. Kwanza, ni vigumu kupata mahali pengine Afrika ya Mashariki ambapo namna zote za mishikamano hii zimelala karibu karibu hivi: vito vigumu na madini laini ndani ya mwamba mmoja, mashamba ya mkonge, chemchemi za Mzima. Pili, ni mahali ambapo lugha zenyewe zinapangana kama matabaka ya mwamba. Mtoto wa Voi huzaliwa katika Kidawida au Kisaghala au Kikamba, hununua na kuuza katika Kiswahili, na anapoingia darasa la kemia katika shule ya sekondari hupokewa kwa Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Maabara haijaisikia habari hiyo. Hata hivyo, pale mwanafunzi anapokwama, mwalimu hushuka kutoka Kiingereza na kumfafanulia kwa Kiswahili, na hapo ndipo istilahi, nzuri au mbaya, inapofanya kazi yake bila ya kuombwa kibali na baraza lolote.

Tuanze na maneno yenyewe. Kwa dhana ile ya atomu mbili kushikana, mtu atakutana katika maandishi na mazungumzo na maneno kadhaa yanayogombea kiti kimoja: bondi, kifungo, kiungo, muungano, muungo. Wingi huu si dhambi. Kemia ya Ulaya nayo ilipita njia hiyo. Mmarekani Gilbert Lewis alieleza mwaka 1916 kwamba atomu mbili zaweza kushikana kwa kugawana jozi ya elektroni, lakini jina la kovalenti, ambalo leo hudhaniwa kuwa limezaliwa na dhana yake siku moja, lilitolewa na Irving Langmuir mwaka 1919. Dhana ilitembea miaka mitatu pasipo kivazi hicho. Sisi tuna vivazi vitano. Kazi iliyobaki ni kuona kipi kinaikaa.

Bondi tuiondoe mapema. Hatuipingi kwa sababu ya ugeni wake. Atomu, molekuli na elektroni nazo ni wageni, nasi tumewakaribisha sebuleni. Tunaipinga kwa kuwa ni gumba. Haizai kitenzi, na kemia ni elimu ya vitenzi. Zaidi ya hayo, sikio la Mswahili halikubali kulisikia neno peke yake; hulitafutia jamaa. Jamaa wa karibu wa bondi, kwa sauti, ni kitenzi bonda, yaani kutwanga na kuponda. Istilahi inayotaka kueleza kushikana imejikuta jirani wa kitenzi cha kusaga!

Muungano nao tusiuhangaikie sana. Ni neno zuri, lakini tangu tarehe 26 Aprili 1964 lina mwenyewe, na msomaji wa Dar es Salaam au Unguja akilikuta katika sentensi atafikiri habari za katiba kabla hajafikiri habari za klorini.

Yanabaki matatu, na hapa ndipo sarufi inapotufaa kuliko kamusi. Kifungo na kiungo ni nomino za ngeli ya KI-VI zilizotokana na vitenzi kwa kiishio cha -o. Mtu yeyote aliyefundisha sarufi ya Kiswahili anajua kwamba umbo hili lina tabia ya kutaja kifaa: kifuniko, kizibo, kifagio. Muungo ni nomino ya ngeli ya M-MI yenye kiishio hicho hicho, na umbo hilo huelekea kutaja tendo au namna ya kutenda: mwendo, mchezo, mvuto. Bila shaka zipo nomino zinazokwenda kinyume. Mtego ni kifaa, na mfuniko ni kifaa. Lakini mkondo mkuu wa lugha ni huo, na msikilizaji huufuata pasipo kujua.

Sasa tujiulize: mshikamano wa atomu ni kifaa? Katika vitabu huchorwa kama kijistari kati ya herufi mbili. Katika maabara zenye bahati huonyeshwa kwa vijiti vya plastiki vinavyochomekwa katika mipira. Mwanafunzi anatoka hapo akiamini kwamba kati ya oksijeni na haidrojeni mna kijiti. Neno la ngeli ya KI-VI linakuja kuugonga muhuri uongo huo: kifungo ni kitu, kina umbo, chaweza kushikwa, kinaweza kulegea kama kifungo cha shati. Ukweli ni kwamba hapana kitu cha tatu. Kuna viini vyenye chaji chanya, kuna elektroni zenye chaji hasi, na kuna hali ya kutulia inayopatikana zinapokaribiana kwa umbali fulani. Ni tendo linaloendelea, wala si pini iliyopigwa. Kwa hoja hii peke yake, muungo unashinda.

Iko hoja nyingine dhidi ya kifungo, nayo tunaiona nzito zaidi. Kilichofungwa, kikifunguliwa, hutoa kilichomo. Gunia likifunguliwa humwaga mahindi. Mfungwa akifunguliwa hutoka. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa kwamba kuni au makaa yana nishati katika vifungo vyake hufikiri, na neno linamuunga mkono, kwamba moto huvifungua vifungo na nishati inamwagika. Mambo ni kinyume kabisa. Kuvunja muungo wowote hugharimu nishati. Kuunda muungo hutoa nishati. Makaa yanayowaka katika jiko pale sokoni Voi hutoa joto kwa sababu kaboni na oksijeni, baada ya kulipa gharama ya kuachana na wenzi wao wa kwanza, huunda miungo iliyo imara zaidi katika hewa ya ukaa, na faida ya biashara hiyo ndiyo joto la jikoni. Ndiyo maana makaa hayajiwashi yenyewe na ni lazima mtu atangulize njiti ya kiberiti. Istilahi inayomfanya mtu aelewe kinyume jambo la msingi kama hili haifai kutetewa kwa kusema kwamba tumeizoea.

Kwa hiyo katika kurasa hizi tutasema muungo, na wingi wake miungo. Namna zake hutajwa kuwa tatu: muungo wa ioni, muungo wa ushirika, na muungo wa metali. Juu ya muungo wa metali hatuna maneno mengi. Katika chuma cha reli, iwe ile ya zamani au ile ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, elektroni za nje hazina mwenyewe. Ni mali ya atomu zote. Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili kwa Kiswahili ana neno la ujima tayari mkononi, nasi tunashangaa kwa nini halitumiki. Chuma hufulika bila kuvunjika kwa sababu atomu zikihama mahali, ile bahari ya elektroni inahama nazo.

Muungo wa ioni unataka maneno zaidi, kwa kuwa umeharibiwa na tamathali. Ni desturi ya walimu wengi kuufananisha na ndoa: sodiamu anatoa elektroni moja kama mahari, klorini anaipokea, wawili wanakuwa mwili mmoja. Tamathali hii inapendeza, darasa linacheka, na kemia inapotea. Katika punje ya chumvi inayotoka katika mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi hakuna jozi hata moja. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za klorini, na kila moja ya hizo sita imezungukwa na sodiamu sita. Ni ndoa gani hiyo? Sheria haina jina lake. Mvutano wa chaji chanya na hasi hauchagui mwenzi mmoja. Unaenea pande zote, na ndiyo sababu chumvi haina molekuli, ina safu tu zisizokuwa na mwisho hadi ukingo wa punje. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini mpishi aweza kuyeyusha sukari katika sufuria kavu lakini hawezi kamwe kuyeyusha chumvi, ambayo hungoja hadi nyuzi 801 za Selsiasi. Sukari ina molekuli, na molekuli zake zimeshikwa pamoja na jambo lililo dhaifu zaidi, ambalo tunakuja kwake sasa hivi.

Lakini kwanza twende kwenye mwamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kito cha kijani kilichokwisha kuonekana Tanzania mwaka 1967 na Campbell Bridges kilipatikana pia katika nchi ya Taita, na mwaka 1974 kikapewa jina la tsavoraiti, kwa ajili ya Tsavo. Kito hiki ni namna ya ganeti: kalsiamu, alumini, silikoni na oksijeni, na rangi yake imetokana na chembe chache za vanadi na kromi. Katika ganeti kila atomu ya silikoni imeungana na oksijeni nne kwa miungo yenye nguvu ambayo si ya ioni kamili wala si ya ushirika kamili, na oksijeni hizo zimeshikwa pande zote na kalsiamu na alumini. Popote utakapolisukuma jiwe hilo utakutana na muungo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ganeti hii inafikia 7 au zaidi kidogo.

Sasa jambo la ajabu. Tsavoraiti hukaa ndani ya miamba ya nais yenye grafiti. Mchimbaji anapoitafuta, mikono yake huwa myeusi kwa grafiti kabla haijashika kijani. Na grafiti, kwa kipimo kile kile, haipiti 2. Kwa hiyo katika konzi moja ya mchanga mtu ameshika kitu kinachokata kioo na kitu kinachopaka kidole. Kwa nini? Si kwa sababu grafiti ina miungo dhaifu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndani ya tabaka lake, atomu ya kaboni imeungana na wenzake watatu kwa umbali wa pikomita 142, umbali mfupi kuliko ule wa pikomita 154 ulio katika almasi. Muungo wa tabaka la grafiti ni imara kuliko muungo mmoja wa almasi! Udhaifu uko kwingine: kati ya tabaka na tabaka, ambapo umbali ni pikomita 335, hakuna muungo kabisa. Kuna mvutano tu. Kidole kinapoteleza juu ya grafiti hakivunji muungo. Kinatelezesha tabaka juu ya tabaka, kama mtu atelezavyo karata.

Mwandishi asiyekuwa na maneno mawili hawezi kuieleza konzi hiyo ya mchanga. Akisema kwamba katika grafiti kuna vifungo vigumu na vifungo vilegevu, msomaji ataelewa kwamba ni kitu kimoja kwa viwango viwili, kama kamba iliyokazwa na kamba iliyolegezwa. Hii ndiyo hoja kuu ya makala yetu. Muungo ni wa ndani, nao huifanya molekuli iwe molekuli. Mvutano ni wa nje, kati ya molekuli na molekuli, au kati ya tabaka na tabaka, na kila upande unabaki na nafsi yake.

(Tukiwa bado na grafiti: Kiswahili huiita penseli kalamu ya risasi. Katika penseli hakuna risasi. Kuna grafiti na udongo. Wazungu wa kale waliidhani grafiti kuwa namna ya risasi, nasi tukapokea kosa lao pamoja na kalamu yao. Kosa hili halimdhuru mtu. Tunalitaja kwa sababu litarudi, kwa sura nyingine, punde tu.)

Kuna watakaolipinga neno mvutano, wakisema kwamba kwa lugha ya magazeti mvutano ni ugomvi, na kwamba wanaovutana katika mchezo wa kamba wanavutana ili watengane. Pingamizi hili lina uzito. Lakini fizikia imekwisha kuuzoesha umma neno hilo katika mvutano wa dunia, na hakuna aliyedhani kwamba embe na ardhi vinagombana. Tena sarufi iko upande wetu. Kiambishi -an- kinaeleza kutendana, na kutendana tu. Hakisemi kwamba kuna jambo la kudumu lililopatikana. Tukitaka kueleza kudumu, Kiswahili kinaongeza kingine: katika shikamana, fungamana, andamana, mna -am-, kile kile kilichomo katika simama, inama na kwama, kinachotaja hali ya kukaa. Na kipo cha tatu, ambacho leo hakizai tena lakini mabaki yake yamejaa kinywani: ule mnyambuliko wa mgusano wenye -at-, katika kamata, fumbata, ambata, nata. Vutana, shikamana, ambatana: kitu kinavuta bila kushika, kinashika na kukaa, kinagusa na kung'ang'ania. Ni lugha chache zinazoweza kupanga daraja tatu za ukaribu kwa kubadili silabi moja, na ni jambo la kusikitisha kwamba waundaji wa istilahi wamekuwa wepesi kukimbilia neno jipya kabla ya kuchungulia ghala la vitenzi walilorithi.

Sasa maji. Maji ya chemchemi za Mzima, yanayochujwa na miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu kabla ya kutokea Tsavo Magharibi, ndiyo yanayopelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Tuyachemshe. Voi, ambako kimo hakizidi mita 600 kwa kiasi kikubwa, yatachemka kama kwenye nyuzi 98. Tukiyapandisha hadi kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya bahari, yatachemka karibu na nyuzi 93. Ni nini kilichobadilika? Uzito wa hewa iliyo juu yake. Kama kuchemka kungekuwa ni kuvunjika kwa molekuli, mlima usingekuwa na neno la kusema.

Na hili ndilo kosa linalojulikana sana na walimu wa kemia popote duniani: mwanafunzi husema kwamba maji yakichemka hugawanyika yakawa haidrojeni na oksijeni. Akiulizwa mapovu yana nini, hujibu hivyo hivyo. Tusimcheke. Ikiwa ameambiwa kwamba katika maji kuna bondi kati ya oksijeni na haidrojeni, kisha akaambiwa kwamba kuna bondi za haidrojeni, kisha akaambiwa kwamba kuchemsha huvunja bondi, ana haki gani ya kutokufikia hitimisho lile? Neno moja limetumika kwa mambo mawili, naye amefanya kile ambacho msikilizaji mwaminifu hufanya.

Hesabu zinaonyesha umbali wa mambo hayo mawili. Gramu 18 za maji, yaani moli moja, zikiwa zimekwisha fika nyuzi 100, zinahitaji kiasi cha kilojuli 41 ili ziwe mvuke. Hiyo ndiyo gharama ya kuwaachanisha majirani. Lakini kuvunja miungo miwili ya oksijeni na haidrojeni iliyo ndani ya molekuli hizo zote kungehitaji zaidi ya kilojuli 900, mara ishirini na zaidi. Hata kwenye nyuzi 2,000 ni sehemu ndogo tu ya molekuli za maji inayovunjika. Hakuna sufuria ya Voi iliyopata kuivunja molekuli ya maji kwa moto wa kuni.

Kwa hiyo tunafika kwenye swali lenye ubishi: kile kivutio kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani yake tukiiteje? Kiingereza, na lugha nyingine za Ulaya pamoja nacho, hutumia neno lile lile la muungo. Wafasiri wetu, kwa uaminifu, wamewafuata. Hapa ndipo kalamu ya risasi inaporudi. Uaminifu kwa lugha ya asili si lazima uwe uaminifu kwa dhana. Mwaka 2011 jumuiya ya kimataifa ya wanakemia, IUPAC, ilitoa fasili mpya ya jambo hili, na katika fasili hiyo neno la msingi ni la kuvutana. Yaani wenye jina wenyewe wamekiri kwa fasili yao kile ambacho jina lao halikisemi. Sisi ambao jina letu bado ni bichi tuna nafasi ambayo wao hawanayo tena. Tunapendekeza mvutano wa haidrojeni.

Si kwamba mpaka huo ni ukuta. Nguvu ya mvutano wa haidrojeni katika maji ni kama kilojuli 20 kwa moli, lakini katika ioni ile ambamo florini mbili zinaishika haidrojeni moja katikati, nguvu hupita 150, na mwanakemia akiita hali hiyo muungo hatutampeleka mahakamani. Wasomaji wa jarida la lugha hawapaswi kushtushwa na mpaka wa namna hii. Ndio mkate wetu wa kila siku. Guthrie aliziweka Kidawida na Kisaghala pamoja chini ya namba E.74, moja a na nyingine b, na wachunguzi waliomfuata wameona sababu za kuzihesabu kuwa lugha mbili. Je, kwa kuwa mpaka kati ya lugha na lahaja una ukungu, tutaacha kuwa na maneno mawili? La. Tunayaweka yote mawili na kubishana juu ya kila kisa. Kemia nayo ifanye hivyo.

Tusidhani pia kwamba mvutano, kwa kuwa ni dhaifu, hauna kazi. Mashamba ya mkonge ya Mwatate yatatushuhudia. Uzi wa katani ni selulosi: minyororo mirefu ya glukosi iliyoungwa kwa miungo ya ushirika, imelala ubavu kwa ubavu, na kati ya mnyororo na mnyororo mna mivutano ya haidrojeni isiyohesabika. Mmoja hauna thamani. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejaa hata maji hayawezi kuiyeyusha katani, ijapokuwa sukari, ambayo ni ndugu yake wa karibu, huyeyuka katika kikombe kwa kukorogwa mara tatu. Maji huingia katika uzi, hujipenyeza na kuvutana na selulosi, huuvimbisha, na kwa hiyo kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika. Mabaharia wa pwani walilijua hili kabla ya kemia yoyote.

Itaulizwa kama ubishi huu wote una manufaa, madhali mitihani ya Kenya inaandikwa kwa Kiingereza. Tunajibu kwa kutazama nani anachimba na nani anapima. Voi sasa ina Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016, mwaka ule ule wa Sheria ya Madini, na ndani yake uhandisi wa madini unafundishwa. Kilomita chache kutoka hapo watu wanachimba vito kwa sururu, na lugha ya shimoni ni Kiswahili. Anayejua kwa nini jiwe moja hupasuka kwa bapa na lingine haligawanyiki hivyo, anajua jambo la fedha. Elimu hiyo ikikaa upande mmoja wa lugha, bei nayo hukaa huko. Na isidhaniwe kwamba upande wa Kiswahili ni mtupu. Neno yakuti, tulilolipokea kwa Waarabu, limekuwa likitumika kwa kito chekundu na cha samawi pia, ilhali Kiingereza huvipa majina mawili yasiyohusiana. Mwanakemia atakwambia kwamba vito hivyo ni madini yale yale ya alumini na oksijeni, yenye ugumu wa 9. Kimoja kina chembe za kromi, kingine chembe za chuma na titani. Safari hii istilahi ya sonara wa kale ilikuwa karibu na ukweli kuliko ya maabara.

Limebaki jambo moja, nalo ni jina la mivutano iliyo dhaifu kuliko yote, ile iliyo kati ya tabaka za grafiti. Kwa jumla mivutano ya aina hii hupewa jina la Mholanzi van der Waals, ambaye aliigundua athari yake katika gesi mwaka 1873 bila kujua asili yake. Asili ilielezwa na Fritz London mwaka 1930: elektroni hazitulii, kwa kitambo kidogo sana huelemea upande mmoja wa atomu, upande huo ukawa hasi na wa pili chanya, na atomu jirani ikajipanga kwa kuitikia. London aliihusisha hesabu yake na jinsi mwanga unavyotawanyika rangi ukipita katika maada, na kwa sababu hiyo Kiingereza kikauita mvutano huo kwa jina la kutawanya. Anayetafsiri neno hilo kwa mtawanyiko amempa mwanafunzi picha ya vitu vinavyokimbiana, ambapo jambo lenyewe ni vitu kukaribiana. Hatuoni haja ya kulifuata jina hilo. Mvutano wa kitambo ungetosha, kwa kuwa kitambo ndicho kiini chake; na anayetaka mfano wa kumwonyesha mwanafunzi asihangaike na maabara. Amwelekeze ukutani usiku, pale taa inapovuta wadudu. Mjusi kafiri anayetembea juu ya dari kichwa chini hana gundi miguuni wala hana kucha zilizozama katika chokaa. Nyayo zake zina vinyweleo vidogo mno, kwa mamia ya maelfu, na kila kimoja kimegawanyika ncha nyingi zinazoukaribia ukuta kiasi cha kuvutana nao kwa mvutano huo wa kitambo. Akitaka kuhama, hubadili pembe ya kidole, ncha zikaachana na ukuta moja baada ya nyingine, naye akaenda zake.